Theluthi Mbili: Falsafa Ilivyogeuzwa Kuwa Hesabu

Lalamiko la kwanza katika Azimio la Uhuru la Marekani si kodi wala askari. Ni saini. Mfalme George III wa Uingereza, waliandika wajumbe wa makoloni, amekataa kuziidhinisha sheria njema na zinazohitajika mno kwa manufaa ya umma. Hiyo ilikuwa Julai 1776, mjini Philadelphia. Miaka 11 baadaye, Septemba 1787, ndani ya jengo lilelile, watu 39 walitia saini Katiba inayompa mtu mmoja, Rais, uwezo wa kukataa kuidhinisha sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa wananchi. Sita kati ya hao 39 walikuwa wametia saini Azimio pia, wakiwemo Benjamin Franklin na James Wilson.

Ukisoma harakaharaka utasema walikula matapishi yao. La hasha. Katikati hapo walijaribu kuishi bila kizuizi hicho, wakayaona yaliyowapata, kisha wakakirudisha kikiwa kimefungiwa namba. Na mimi naona utamu wote wa habari ya Zama za Mwangaza (Enlightenment, wakati wanafalsafa wa Ulaya walipoanza kuipima serikali kwa akili badala ya desturi) na serikali ya Marekani uko kwenye namba hizo. Kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya majina: Locke alileta haki za asili, Montesquieu mgawanyo wa madaraka, Rousseau mkataba wa kijamii, mwisho wa somo. (Rousseau mara nyingi anapachikwa tu. Ukifuatilia mijadala ya Philadelphia humuoni sana.) Lakini mwanafalsafa anaweza kuandika kwamba madaraka yatenganishwe, akazima mshumaa akalala. Mwandishi wa katiba hana raha hiyo. Lazima aseme ni kura ngapi, siku ngapi, miaka mingapi, na hapo ndipo inapojulikana aliamini nini hasa.

Tuanze na kilichokuwa vitabuni. John Locke alichapisha hoja yake kuhusu serikali mwaka 1689 bila kuweka jina lake. Binadamu, alisema, ana haki ya uhai, uhuru na mali kabla serikali haijakuwepo, na serikali ni amana tu. Aliyekabidhiwa amana akaitumia vibaya, mwenyewe anaichukua. Azimio linafuata ngazi hizo moja baada ya nyingine: haki kwanza, serikali kuundwa ili izilinde, ridhaa ya wanaotawaliwa, kisha haki ya kuiondoa. Mahali pa mali Thomas Jefferson akaweka kutafuta furaha, wakati George Mason, katika Tamko la Haki la Virginia la Juni 12, 1776, alikuwa ameviweka vyote viwili.

Kuna doa dogo la wino katika rasimu ya Jefferson linaloeleza mengi kuliko insha. Aliandika neno lenye maana ya watu walio chini ya mfalme, kisha wino ukiwa bado mbichi akalifuta na kuandika juu yake neno lenye maana ya raia. Maktaba ya Kongresi ilitangaza mwaka 2010 kwamba imelisoma neno lililofutwa kwa kamera maalumu. Neno letu raia limepita njia hiyohiyo bila kufutwa na mtu: lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya watu walio chini ya mtawala, kama kundi chini ya mchungaji, na leo ndilo tunalomwita mtu mwenye haki zake.

Locke naye alikuwa na mihimili mitatu, ila si ile tunayoimba shuleni. Yake ilikuwa kutunga sheria, kuzitekeleza, na kushughulikia vita, amani na mikataba na mataifa mengine. Mahakama haimo. Mahakama inaingia na Montesquieu, mwaka 1748, katika sura ya 6 ya sehemu ya 11 ya kitabu chake kikubwa kuhusu sheria, alipokuwa akiieleza Uingereza kama alivyoiona. Na hata yeye alisema uwezo wa kuhukumu, ukiulinganisha na ule mwingine, kwa namna fulani si kitu.

Lililo muhimu zaidi katika sura hiyo ni tofauti anayoiweka kati ya uwezo wa kuamua na uwezo wa kuzuia. Mtekelezaji asitunge sheria, lakini awe na uwezo wa kuzuia, la sivyo bunge litammeza. Maana yake ni kwamba Montesquieu mwenyewe hakujenga ukuta kati ya mihimili. Alitaka kila mmoja uwe na mkono mdogo ndani ya nyumba ya jirani. Na kuna kichekesho hapa. Mara ya mwisho kwa mtawala wa Uingereza kukataa muswada ilikuwa 1708, Malkia Anne alipokataa ule wa wanamgambo wa Scotland. Kwa hiyo Montesquieu alikuwa akisifia mashine ambayo sehemu yake moja ilikuwa imekaa miaka 40 bila kuguswa. Makoloni ya Amerika ndiyo yaliyoijua sehemu hiyo ikiwa hai, maana huko magavana na serikali ya mfalme waliendelea kubatilisha sheria kila walipopenda.

Ndiyo sababu mwaka 1776, majimbo yalipoanza kujiandikia katiba, mengi yalimnyang'anya gavana uwezo huo kabisa. Ikafuata miaka 11 ya majaribio.

Virginia ilitamka kwamba mihimili mitatu itakuwa mbalimbali na hakuna utakaotumia madaraka ya mwingine. Maneno safi. Shuka vifungu vinavyofuata: gavana anachaguliwa kila mwaka na bunge, hawezi kuzuia sheria, na riziki yake iko mikononi mwa bunge hilohilo. Jefferson alikuwa gavana kuanzia 1779 hadi 1781, na baadaye aliandika kwamba madikteta 173 wanaweza kuonea sawasawa na mmoja. Namba 173 hakuiokota hewani, ndiyo iliyokuwa idadi ya wabunge wa Virginia, mabunge yote mawili pamoja.

Pennsylvania ilikwenda mbali zaidi. Bunge moja tu, hakuna gavana bali baraza la watu 12, hakuna wa kuzuia chochote. Ulinzi wake ulikuwa baraza la wakaguzi lililochaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 7 kuangalia kama Katiba imefuatwa. Wakaguzi hao walikutana 1783 na 1784, wakakuta bunge limeivunja mara nyingi: sheria zimepitishwa bila kutangazwa kwanza kwa umma, kesi zimeondolewa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, mishahara ya majaji iliyotakiwa kubaki palepale imebadilishwa. Ripoti ilikuwa nzuri, haikuzuia kitu. James Madison wa Virginia, aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wa Katiba ya 1787, alieleza sababu, na zote ni za kiufundi. Miaka 7 ni mingi, kosa likishafika huko limeshakuwa desturi. Na baadhi ya wakaguzi walikuwa wenyewe ndani ya serikali waliyoikagua, wakagawanyika kwa kambi zilezile za kisiasa. Ni kumkabidhi mchezaji filimbi baada ya mechi kwisha.

Massachusetts ilisubiri, ikajifunza kwa wenzake. Katiba yake ya 1780, ambayo rasimu yake aliiandika John Adams, ilimfanya gavana achaguliwe na wananchi na mshahara wake uwe wa kudumu. Muswada unapelekwa kwake. Asipoukubali, ana siku 5 za kuurudisha pamoja na sababu zake kwa maandishi. Theluthi mbili za kila bunge zikiukubali tena, unakuwa sheria bila yeye. Katiba yenyewe ilipelekwa kwa wananchi mji kwa mji, ikitakiwa kukubaliwa na theluthi mbili ya wapiga kura. Ridhaa ya watawaliwa, iliyokuwa maneno mazuri ya Locke, ikawa kitu cha kuhesabu kwenye mkutano wa mji.

Kitaifa hali ilikuwa imelegea kupita kiasi. Mkataba wa Muungano ulioanza kutumika Machi 1781 ulitaka majimbo 9 kati ya 13 kwa mambo makubwa, na yote 13 kwa kuubadili mkataba wenyewe. Kongresi haikuweza kutoza kodi. Ilipoomba ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje ili ilipe madeni ya vita, Rhode Island peke yake, jimbo dogo kuliko yote, ilikataa na mpango ukafa. Namba 13 kati ya 13 inasikika kama heshima kwa kila mmoja. Matokeo yake ni kwamba kila mmoja ana kura ya turufu.

Basi tufike Juni 4, 1787. Wajumbe wa majimbo wako Philadelphia kuandika Katiba mpya, milango imefungwa, Madison anaandika kila kinachosemwa. Wilson na Alexander Hamilton wanapendekeza Rais apewe uwezo wa kukataa moja kwa moja, asipingwe. Hamilton anawatuliza wenzake: mbona mfalme wa Uingereza hajautumia miaka mingi? Franklin, mwenye miaka 81, anawapa kisa cha Pennsylvania ya zamani, wakati gavana wa familia iliyomiliki koloni alipokuwa na uwezo huo. Hakuna sheria nzuri iliyopita, anasema, bila kupatana naye kwanza pembeni, na nyongeza ya mshahara au zawadi fulani ilikuwa sharti la saini. Kwa Kiswahili cha ofisini, chai. Kura ikapigwa na majimbo yote 10 yaliyokuwepo yakakataa. Kisha Elbridge Gerry wa Massachusetts akaleta theluthi mbili ya kwao, ikapita kwa majimbo 8 dhidi ya 2.

Haikutulia hapo. Agosti 15 wakaipandisha kuwa robo tatu. Septemba 12, siku tano tu kabla ya kufunga, wakairudisha theluthi mbili. Tofauti ni ndogo kiasi gani? Chukua Kongresi ya kwanza kama walivyoipanga, maseneta 26 wa majimbo 13 na wawakilishi 65, wote wakiwepo. Kwa theluthi mbili unahitaji maseneta 18 na wawakilishi 44 kumshinda Rais. Kwa robo tatu unahitaji 20 na 49. Maseneta wawili, wawakilishi watano. Gouverneur Morris alisema hivyohivyo ukumbini, kwamba tofauti ni ya watu wachache mno. Lakini igeuze uitazame kutoka upande wa wachache. Kwa theluthi mbili Rais anahitaji maseneta 9 wa kumkinga, kwa robo tatu 7 wanatosha. Roger Sherman ndilo lililomkera: Rais na kundi dogo namna hiyo kuzishinda sauti za wengi. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo Madison aliitaja ingawa alipiga kura ibaki robo tatu. Robo tatu ilipokubaliwa Agosti, mpango ulikuwa Rais achaguliwe na Kongresi kwa miaka 7, yaani awe dhaifu mbele yake. Kufikia Septemba alikuwa anachaguliwa nje ya Kongresi kwa miaka 4. Ukimwongezea mtu nguvu mlango wa mbele, unampunguzia mlango wa nyuma.

Madison alitaka pia majaji waketi na Rais wakati wa kuipima miswada, kama ilivyokuwa New York tangu 1777. Alishindwa zaidi ya mara moja. Hoja ya Rufus King, naye wa Massachusetts, ilikuwa fupi na sidhani kama ilijibiwa vizuri: jaji aliyeshiriki kuipitisha sheria leo, kesho ataihukumu vipi bila kujitetea mwenyewe?

Vipande vingine vya kifungu hicho vinaonekana vya kikarani, na kila kimoja kinaziba tundu. Rais ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi, na zikipita kimya muswada unakuwa sheria, ili asiukalie. Kama Kongresi imeshaahirisha vikao na hawezi kuurudisha, unakufa, ili wao nao wasimtupie rundo la miswada wakakimbia. Sababu zake zinaandikwa kwenye kumbukumbu za bunge lililoanzisha muswada. Kura ya kumpinga inapigwa kwa majina, kila aliyesema ndiyo au hapana anajulikana. Kule kununuliana pembeni alikokulalamikia Franklin kunakuwa kugumu panapokuwa na karatasi na majina.

Theluthi mbili hiyo imesafiri. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitumia bunge linapotaka kuupitisha muswada uliorudishwa na Rais bila kuyajali mapendekezo yake, na imewatoa mawaziri bungeni kama Wamarekani. Katiba ya Tanzania nayo inaitumia, lakini imefungwa kwenye gia nyingine: muswada uliorudishwa ukipitishwa tena kwa theluthi mbili, Rais ana siku 21 kuukubali, la sivyo alivunje Bunge. Mbunge wa Dodoma anayepiga kura hiyo anaweka kiti chake rehani. Seneta wa Washington haogopi hivyo, maana Rais wa Marekani hawezi kuivunja Kongresi. Ukinakili sehemu ya hesabu, angalia imeshikana na nini.

Kuna mahali ambapo walimpinga Montesquieu kabisa. Yeye alishikilia kwamba jamhuri haiwezi kudumu katika nchi kubwa. Wapinzani wa Katiba wakamtaja kila kukicha. David Hume wa Scotland, katika insha ya 1752, alikuwa amesema kinyume: jamhuri kubwa ni ngumu kuianzisha lakini ikishasimama ni ngumu kuiyumbisha. Madison akalichukua wazo hilo katika makala ya gazetini ya kuitetea Katiba, Novemba 22, 1787. Panapokuwa na makundi mengi ya maslahi, ya wakulima, wafanyabiashara, wadai na wadaiwa, dini hii na ile, hakuna kundi moja linaloweza kuwa wengi kirahisi likawaonea wengine. Ukubwa wenyewe unakuwa kinga.

Saa nazo ziliwekwa zisilingane. Wawakilishi miaka 2, Rais 4, maseneta 6 huku theluthi moja tu ikibadilishwa kila baada ya miaka 2, majaji wasio na kikomo maadamu wana mwenendo mwema. Jazba ya mwaka mmoja haiwezi kuikamata nyumba nzima.

Palipoharibika ni pale walipokisia vibaya kuhusu mbunge mwenyewe. Madison aliandika Februari 1788 kwamba tamaa ya cheo ipambanishwe na tamaa ya cheo, maslahi ya mtu yafungwe na haki za kiti anachokalia. Alitegemea seneta atakilinda kiti cha seneta. Vyama vikaja mapema sana na kumpa seneta kitu kingine cha kukilinda. Uchaguzi wa 1800 ulikwama hivyohivyo: kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu aliyeteuliwa jimboni kumchagua Rais, alikuwa na kura mbili zisizotofautisha Rais na Makamu, chama kikawapigia wote wawili kwa nidhamu, Jefferson na Aaron Burr wakapata 73 kila mmoja. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 kabla ya kupata Rais. Marekebisho ya 12 ya mwaka 1804 ndiyo yaliyozitenga kura hizo. Mwaka 1868, Rais Andrew Johnson aliposhtakiwa mbele ya Seneti ya watu 54, ilihitajika theluthi mbili, yaani kura 36, kumwondoa. Zilipatikana 35.

Na iko sehemu moja ya hesabu isiyotoka kwa mwanafalsafa yeyote wa Mwangaza, ingawa mmoja wao alikuwa ameizoea hali iliyoizaa. Locke aliyeandika kwamba kila mtu anaumiliki mwili wake mwenyewe alikuwa katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina, ambalo katiba yake ya 1669 ilimpa mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi, na alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa Afrika. Katiba ya 1787 haina neno mtumwa. Ina “watu wengine wote”, wanaohesabiwa tatu kwa tano wakati wa kugawa viti.

Kwenye rasimu, kiwango kilikuwa mwakilishi mmoja kwa kila watu 40,000. Siku ya mwisho kabisa, Septemba 17, Nathaniel Gorham akaomba iwe 30,000, na George Washington, aliyekuwa mwenyekiti na hakuwa amechangia hoja yoyote tangu Mei, akasimama kuunga mkono. Ikapita bila upinzani.

Mwaka 1792, baada ya sensa ya 1790, Kongresi ikampelekea Washington muswada wa viti 120. Ukigawa kila jimbo kwa 30,000 na kutupa mabaki unapata 112. Viti 8 vilivyobaki walivigawa kwa majimbo yenye mabaki makubwa, na majimbo hayo 8 yakawa na zaidi ya mwakilishi mmoja kwa watu 30,000, jambo ambalo Katiba inakataza. Washington alisita. Kura zilikuwa zimegawanyika kaskazini na kusini, na kwa maelezo ya Jefferson, aliogopa ataonekana ameegemea upande wa kusini, kwao. Aprili 5, siku 10 zikikaribia kwisha, akaurudisha. Lilikuwa katao la kwanza la Rais katika historia ya Marekani, na lilihusu kugawanya na kubakiza. Theluthi mbili haikupatikana. Kongresi ikaandika upya: mmoja kwa kila 33,000, viti 105, mabaki yanatupwa.

Virginia ilihesabiwa watu 747,610, na 292,627 kati yao walikuwa watumwa. Tatu ya tano yao ikijumlishwa na wengine inaleta kama 630,500. Gawa kwa 33,000 unapata viti 19. Wangehesabiwa wasio watumwa peke yao, vingekuwa 13.